Pweza wa Uzi

Usinge ni mji mdogo wenye kituo cha gari la moshi, magharibi ya Tabora, katika reli iendayo Kigoma. Mtu atokaye Dar es Salaam kwa njia hiyo hupita Morogoro, Dodoma, Tabora na Kaliua kabla ya kufika hapo, na urefu wa safari yake ni yapata kilomita 1,000. Maji yaliyo jirani na Usinge ni ya mto Malagarasi na mabwawa yake mapana, ambayo mwaka 2000 yaliandikwa katika orodha ya ulimwengu ya ardhi oevu zistahilizo kulindwa. Maji hayo yana kambare na samaki wengine wengi, na ndege wasiohesabika, lakini si bahari. Mtoto aliyezaliwa huko aweza kukua hata akawa mtu mzima, asione wimbi la maji ya chumvi wala kuusikia mvumo wake.

Hata hivyo bahari ilifika pande hizo zamani, vipande vipande, mabegani mwa watu. Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo ikafika Tabora, na kutoka Tabora ikaenda mbele, ikauvuka mto Malagarasi, hata Ujiji kando ya Ziwa Tanganyika. Wapagazi, na wengi wao walikuwa Wanyamwezi, walichukua pembe za ndovu kwenda pwani. Waliporudi walichukua nguo, shanga, nyaya za shaba, na pamoja na hizo kauri. Kauri ni gamba la konokono wa baharini, dogo, jeupe, laini kama chombo kilichosuguliwa. Watu wa bara walilipenda sana, wakajipamba nalo, na mahali pengine wakalitumia kama fedha. Konokono mwenyewe alikuwa amekwisha kufa na kuoza huko huko ufukoni. Kilichosafiri ni nyumba yake tupu.

Basi, wanyama wa baharini waliojulikana bara walikuwa wale wenye nyumba ngumu isiyooza njiani. Pweza hakuwamo. Yeye hana gamba wala mfupa hata mmoja. Watu wa pwani humkausha juani wamle baadaye, lakini akikauka umbo lake hupotea, akawa kama kamba zilizosokotana. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, na safari ya miezi ikawa ya siku chache. Lakini pweza hai hawezi kukaa katika maji ya mto hata akipandishwa garini. Pweza wote wa ulimwengu huishi katika maji ya chumvi, wala hakuna jamii yao hata moja iliyozoea maji baridi. Yavuyavu amefanya hivyo: yuko yavuyavu mdogo katika Ziwa Tanganyika, ambaye Mjerumani Richard Böhm alimwona mwaka 1883, na wataalamu wa Ulaya wakastaajabu sana. Pweza hapana. Kwa hiyo mtu wa Usinge atakaye kuwa na pweza nyumbani, njia iliyo wazi kwake ni kumfanya kwa uzi.

Lakini hapana mtu awezaye kufanya sura ya kitu asichokijua, na heri kuanza na mnyama mwenyewe. Pweza wa pwani ya Tanzania hukaa katika mashimo ya mwamba. Maji yakipwa sana wakati wa bamvua, wanawake na wanaume wa Unguja, Pemba, Mafia na Songosongo hutembea juu ya mwamba, wakiwa na fimbo zenye ncha, wakichungulia shimo moja baada ya jingine. Si rahisi kumwona, kwa maana ngozi yake hubadili rangi kwa kitambo cha kupepesa jicho, akafanana na jiwe alilolikalia. Ana minyiri minane, yaani mikono yake, na kila mnyiri una safu za vikombe vidogo vya kushikia. Katikati ya minyiri, upande wa chini, uko mdomo mgumu kama wa kasuku. Kwa mdomo huo huvunja kaa. Ana mioyo mitatu, na damu yake ni ya buluu, kwa kuwa ina shaba mahali ambapo damu ya mtu ina chuma. Akiogopa hutoa wino mweusi, akakimbia nyuma ya wingu lake. Maisha yake ni mafupi, kwa kawaida mwaka mmoja na miezi kidogo. Jike akiisha kutaga hukaa shimoni na kuyalinda mayai yake, wala hali kitu, na watoto wakiisha kutoka hufa.

Kile kiitwacho kichwa cha pweza, kile kifuko cha mviringo, kwa kweli ni tumbo lake. Kichwa chenye macho kiko kati ya tumbo na minyiri. Karibu kila pweza wa kuchezea hukosewa hapa, naye hupewa macho katikati ya tumbo. Mtoto mdogo hajali, lakini mfumaji afadhali ajue.

Kazi ya kumfanya pweza huyo ni kufuma kwa sindano moja fupi yenye kulabu nchani, ambayo watu wengi huiita sindano ya kroshia. Tanzania nzima wanajua kazi hiyo kwa ajili ya vitambaa vya mezani na vya viti, na kofia za watoto wachanga. Hudharauliwa bure, kana kwamba ni mchezo wa kupitisha wakati. Huko Ayalandi njaa kuu ilipoanza mwaka 1845, viazi vikaoza mashambani, wanawake wengi na watoto wao walijifunza kufuma lesi kwa kulabu, wakaiuza kwa matajiri wa nchi nyingine, na nyumba nyingi zikapata chakula kwa kazi hiyo. Kufuma wanyama waliojazwa ndani ni desturi iliyotoka Japani. Wajapani huwaita wanyama hao amigurumi, na tangu mwanzo wa karne ya 21 desturi hiyo imeenea duniani.

Vyombo vyake ni vichache. Sindano huuzwa dukani, lakini fundi aweza kuifanya kwa spoki ya baiskeli, akiikata, akiichonga kulabu nchani kwa tupa, na kuisugua sana juu ya jiwe hata isikwaruze uzi. Uzi ulio bora ni wa pamba, usiokuwa mwembamba mno. Sweta kuukuu likifumuliwa laweza kutoa uzi pia, ila ule wa sufu hutoa vinyweleo, na vinyweleo si vizuri kinywani mwa mtoto. Hapo yafaa kutofautisha maneno mawili yachanganywayo mara kwa mara. Sufu ni manyoya ya kondoo. Sufi ni pamba nyepesi itokayo katika matunda ya msufi, nayo hutiwa katika mito ya kulalia. Sufi haipendi maji, huelea. Zamani mabaharia walitiwa sufi katika makoti ya kuwaokoa wasizame.

Wavuvi wa Malagarasi waundao nyavu wamekwisha kujua nusu ya kazi hii, maana wavu nao ni uzi uliopitishwa katika vitanzi. Tofauti ni hii: katika wavu kila jicho hufungwa fundo, hata jicho moja likikatika mengine hubaki. Katika kroshia hapana fundo. Kila kitanzi hushikwa na kile kilichopita ndani yake, na kazi ya siku tatu huweza kufumuka kwa dakika moja mtu akiuvuta ncha ya uzi. Hilo ni hatari, na tena ni rehema, kwa kuwa kosa lolote huweza kurudiwa bila kupoteza hata shubiri moja ya uzi.

Mfumaji huanza kwa kufanya kitanzi na kukiweka juu ya sindano. Hushika uzi kwa kulabu, akauvuta ndani ya kitanzi, kikapatikana kitanzi kipya. Akiendelea hivyo hupata mnyororo. Kishono chenyewe kina mambo mawili: kwanza, kulabu huingizwa katika tundu la kazi iliyokwisha fanywa, huvuta uzi, na sasa vitanzi viwili viko juu ya sindano, kisha uzi hushikwa tena na kuvutwa katika vitanzi vyote viwili pamoja. Basi, kishono kimoja kimekwisha. Hayo ndiyo yote. Pweza mzima, tangu utosini hata ncha ya minyiri, hufanywa kwa mnyororo na kishono hicho kimoja. Linalobaki ni kuhesabu.

Hesabu huanzia kwenye sita. Mfumaji hufanya mnyororo wa vitanzi 2, na katika kile cha kwanza hutia vishono 6, vikawa kama petali za ua. Mzunguko wa pili hutia vishono viwili katika kila kimoja, vikawa 12. Mzunguko wa tatu huongeza katika kila cha pili, vikawa 18; wa nne katika kila cha tatu, vikawa 24; wa tano katika kila cha nne, 30; wa sita katika kila cha tano, 36. Kazi hutokea bapa kama sahani ndogo.

Kwa nini iwe sita kila mara, wala si tano au tisa? Wafumaji wengi hupokea hesabu hiyo kama walivyoipokea kwa mama zao, wasiulize. Lakini mwanafunzi aliyejifunza habari za duara darasani anayo sababu mkononi mwake. Mzingo wa duara ni mara mbili ya nusu kipenyo, kisha mara 22/7. Basi nusu kipenyo ikiongezeka kwa kipimo kimoja, mzingo huongezeka kwa 2 mara 22/7, yaani 44/7, nayo ni 6 na 2/7. Sasa kishono cha namna hii kimo chake hukaribia kuwa sawa na upana wake. Kila mzunguko mpya huitanua sahani kwa kimo cha kishono kimoja. Kwa hiyo ukingo wake hudai vishono sita vipya na kipande kidogo. Mfumaji humpa sita, na kile kipande kidogo humezwa na uzi kwa kuwa uzi hunyooka kidogo. Bibi asiyejua kusoma akifuma kitambaa cha mviringo hufanya hesabu hiyo hiyo kwa vidole vyake, na jibu lake ni sahihi.

Akitia pungufu ya sita, ukingo hukosa nafasi, ukavutwa juu, na sahani ikawa bakuli. Asipoongeza kabisa, kuta husimama wima kama za kopo. Hivyo ndivyo afanyavyo sasa: baada ya kufikia 36 huenda mizunguko 7 bila kuongeza wala kupunguza, na mwili wa pweza ukasimama. Kisha huanza kufunga. Kupunguza ni kuvifanya vishono viwili kuwa kimoja, kwa kuvuta uzi katika kimoja, tena katika cha pili, halafu kuvipitia vyote pamoja. Mzunguko mmoja kila sita huwa tano, nazo 36 huwa 30. Unaofuata kila tano huwa nne, zikabaki 24. Wa mwisho kila tatu huwa mbili, zikabaki 16. Tokeo lake ni kifuko chenye ukubwa wa yai la kuku hivi, mdomo wake ukiwa wazi upande wa chini.

Hapo ndipo wengi huharibu kazi. Mtu akizungumza huku anafuma, akaruka kishono kimoja, haoni kitu mara ile. Baada ya mizunguko mitatu huona tundu, au kichwa kimeinama upande. Wafumaji wenye busara hutia uzi wa rangi nyingine mahali mzunguko unapoanzia, wakausogeza juu kila wanapomaliza, nao huhesabu kila mzunguko wakiisha kuufanya. Asiyehesabu hupata kiazi mahali pa pweza.

Vishono 16 vilivyobaki si kwa bahati. Minyiri ni minane, na kila mnyiri hupewa vishono viwili vya kusimamia. Mfumaji hutia kishono katika cha kwanza, kisha huacha ukingo, akafanya mnyororo wa vitanzi 40 unaoning'inia hewani. Akiufikia mwisho hugeuka, huruka kitanzi kimoja, na katika kila kimoja cha vile 39 hutia vishono viwili, akirudi hata mwilini. Hapo huubana mnyiri kwa kishono cha pili, akaanza mwingine. Naye akitazama huona jambo la ajabu: mnyiri haukunyooka. Umejisokota kama mshipi wa nyonga wa mcheza ngoma, au kama kikonyo cha mmea utambaao, ijapokuwa hakuna mtu aliyeusokota.

Sababu yake ni ile ile ya sita, imepinduliwa. Upande mmoja wa mnyiri ni ule mnyororo wa vitanzi 39. Upande wa pili una vishono 78. Upande mrefu hauna mahali pa kukaa kando ya upande mfupi, kwa hiyo hauna budi kuuzunguka, kama ngazi za mnara zizungukavyo nguzo. Mfumaji akitia vishono vitatu badala ya viwili, mnyiri hujisokota zaidi na kuwa mnene. Akitia kimoja, hubaki kamba tu.

Mwalimu mmoja wa hisabati aitwaye Daina Taimina, mzaliwa wa Latvia, alilitumia jambo hili mwaka 1997 alipokuwa katika Chuo Kikuu cha Cornell huko Marekani. Wataalamu wa hisabati walikuwa wamejua kwa zaidi ya miaka mia moja kwamba ziko nyuso ambazo kadiri zinavyotanuka ukingo wake huzidi kuwa mrefu kupita wa duara, lakini ilikuwa vigumu kuwaonyesha wanafunzi uso wa namna hiyo. Ule uliofanywa kwa karatasi ulipasuka upesi. Yeye alichukua sindano ya kroshia, akaongeza vishono kwa kipimo kile kile safu kwa safu, akapata kitu chenye mikunjo mingi ambacho mtu aweza kukishika na kukikunja asikivunje. Mwaka 2005 dada wawili, Margaret na Christine Wertheim, waliokaa Los Angeles, wakaona kwamba mikunjo hiyo ni ile ile ya matumbawe ya baharini. Wakaanza kufuma mwamba mzima wa matumbawe kwa uzi, na maelfu ya watu wa nchi nyingi wakaongeza vipande vyao. Walifanya hivyo kwa kuwa matumbawe yenyewe yanakufa bahari izidipo joto. Habari hiyo si ya mbali: mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipata joto kupita kiasi, na matumbawe mengi yakapauka na kufa, hata katika pwani ya Tanzania na kisiwa cha Mafia. Matumbawe yakifa, pweza hukosa mashimo yake.

Kumrudia pweza wa uzi. Kabla ya kumfunga chini hujazwa. Pamba hufaa, sufi hufaa, na vitambaa kuukuu vilivyokatwa vidogo vidogo hufaa pia, ila huwa vizito. Ujazo hutiwa kidogo kidogo, kwanza utosini, kisha pembeni. Donge moja kubwa likisukumwa ndani kwa nguvu hutokeza vinundu. Mfumaji asijaze mno hata vishono vikaachana, maana palipo na mwanya ujazo hutoka. Kisha hufuma sahani ndogo ya kufunikia: vishono 6, halafu 12, halafu huongeza katika kila cha tatu, zikawa 16. Sahani hiyo hushonwa juu ya mdomo wa kifuko, kishono kwa kishono, navyo hulingana kwa kuwa pande zote mbili ni 16. Ncha ya uzi hupitishwa ndani ya mwili mara tatu nne, huku na huku, ndipo ikatwe.

Macho yasiwe shanga wala vifungo. Shanga hung'oka, na mtoto hutia kila kitu kinywani. Kitu kidogo kikimkwama kooni chaweza kumwua kabla msaada haujafika. Macho hutarizwa kwa uzi mweusi, chini karibu na minyiri, mahali pake pa kweli.

Mnyama huyu wa kuchezea alipata sifa kubwa mwaka 2013 huko Denmark. Mtoto njiti, aliyezaliwa kabla ya miezi yake kutimia, alikuwa katika hospitali ya chuo kikuu mjini Aarhus, akapewa pweza aliyefumwa. Wafumaji wa kujitolea wakaanza kuwafumia watoto njiti wengine, na baada ya miaka michache pweza hao walikuwa katika hospitali za nchi nyingi. Ilisemwa kwamba minyiri iliyosokotana humkumbusha mtoto kitovu alichokishika tumboni mwa mama yake, na kwamba akiishika hatulii tu, bali pia haivuti mipira apewayo chakula na hewa. Wale Wadenmark walijiwekea sheria kali: uzi uwe wa pamba tupu, pweza aweze kufuliwa kwa maji yenye joto la nyuzi 60, na mnyiri ukinyoshwa usizidi sentimita 22, usije ukamzunguka mtoto shingoni. Minyiri ya pweza aliyeelezwa hapa, yenye vitanzi 40, yapasa kupimwa kwa rula pia, kwa kuwa mikono ya watu hutofautiana. Mmoja hukaza uzi, mwingine huulegeza.

Je, ni kweli pweza huwasaidia watoto hao? Wauguzi wengi wamesema wameona mtoto akitulia, na hapana sababu ya kuwaita waongo. Lakini majaribio yaliyofanywa kwa vipimo ni machache na madogo, wala hayajathibitisha kwamba pweza huponya au huzuia kifo. Habari tamu husafiri upesi kuliko habari zilizopimwa.

Jambo lililopimwa vema ni jingine, nalo halihitaji uzi wala sindano. Mwaka 1978 katika mji wa Bogotá, nchi ya Kolombia, hospitali ilikuwa na watoto njiti wengi kuliko mashine za kuwatia joto. Daktari Edgar Rey Sanabria akawafundisha akina mama kumweka mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, na kumfunga hapo kwa nguo, kama kangaruu abebavyo mtoto wake. Njia hiyo huitwa kangaruu hata leo, na hutumika katika hospitali za Tanzania. Hapo kwanza ilidhaniwa kwamba mtoto aliye mdogo sana hana budi kungoja katika mashine mpaka apate nguvu. Ndipo wataalamu wa Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania wakalijaribu jambo hilo kwa watoto 3,211 waliozaliwa na uzito wa kilo moja hata pungufu ya kilo 1.8. Nusu yao waliwekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, na nusu waliwekwa walipokwisha kupata nafuu. Habari za jaribio hilo zilitolewa mwaka 2021. Katika kila watoto 100 waliongojeshwa, karibu 16 walikufa kabla ya siku 28. Katika kila 100 waliowekwa kifuani mapema, walikufa 12. Jaribio likakomeshwa kabla ya wakati wake, kwa sababu haikuwa haki kuwanyima wengine faida hiyo. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likashauri nchi zote kufanya hivyo.

Kwa hiyo mtu wa Usinge mwenye ndugu aliyejifungua njiti, akitaka kumfumia mtoto pweza, na afume. Lakini kwanza amchukulie mama chakula na maji, ampokee mtoto kifuani pake mama akienda kuoga, kwa maana baba au shangazi naye aweza kuwa kangaruu. Pweza asiwekwe pamoja na mtoto hospitalini mpaka muuguzi amekubali. Tena nyumbani mtoto mchanga alalapo, kitanda chake kisiwe na mnyama wa kuchezea, wala mto, wala nguo zilizorundikana. Vitu laini vyaweza kumziba pua naye hana nguvu ya kuvisukuma. Pweza ni wa saa za kuamka, mtu mzima akiwa karibu.

Kufua ni jambo jepesi, ila hutaka subira. Pweza aliyejazwa sufi hafai kwa mtoto mchanga, kwa kuwa sufi ikilowa sana hushikana madonge, nayo hairudi ilivyokuwa. Afadhali awe wa kupamba dirisha. Aliyejazwa pamba hutiwa katika maji ya moto yenye sabuni, hukamuliwa kwa viganja bila kumpopotoa, kisha husuuzwa mara mbili. Huanikwa juani, minyiri juu na kifuko chini, naye hugeuzwa adhuhuri. Nje yake hukauka kwa saa chache katika jua la Tabora, lakini katikati hubaki unyevu hata siku ya pili, na mwenye kumfua hubonyeza utosini kwa kidole gumba kujua kama amekauka kabla hajamrudisha kwa mtoto.